Kware wa Kihonda: shajara ya kutotolesha nyumbani

Hii ilianza kwenye daftari la mahesabu ya duka, ndiyo maana ina namba nyingi. Niko Kihonda, Morogoro mjini. Atakayeiga na aige, ila aruke toleo la kwanza, yaani kundi langu la kwanza la mayai.

Jambo moja ulijue mapema. Kware wa kufuga, yule wa asili ya Japani, haatamii. Amechaguliwa miaka mingi kwa ajili ya mayai mpaka hamu ya kuatamia imemtoka. Anataga jioni, anaendelea na shughuli zake, na yai linabaki kwenye maranda kama kitu alichokidondosha. Kwa hiyo mama wa vifaranga ni wewe na mashine yako. (Vitabu vya ndege humwita tombo. Jaribu kulitamka jina hilo sokoni uone watu wanavyotazamana. Mimi nasema kware.)

9 Septemba 2023: mashine

Mama alinikuta nakata boksi la sterofomu la kubebea samaki. "Baba, unatengeneza nini tena?" Nikamwambia mashine ya kware. "Wale wa kutibu presha?"

Simlaumu. Homa ile ya biashara ya kware ilianzia Kenya mwaka 2013. Watu waliuziana mayai kwa maelezo kwamba yanatibu kila kitu, wafugaji wakapanga foleni ya vibali vya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), na ndani ya 2014 bei ikaanguka, kwa kuwa kila mtu alikuwa muuzaji na walaji hawakuwepo. Huku kwetu nako upepo ule ulipita. Mimi nataka mayai ya kula, nyama kidogo, na kitu cha kunishughulisha jioni. Yai la kware ni yai.

Mashine yenyewe haina siri. Ni boksi, balbu mbili za wati 40 za aina ya zamani (za LED hazitoi joto la maana), feni ya kompyuta iliyotumika, na thamostati ndogo ya W1209, kifaa kinachowasha na kuzima taa kwa kufuata joto. Balbu nimezifunika kwa kopo la maziwa ili mwanga usipige mayai moja kwa moja. Ziko mbili ili moja ikiungua usiku nyingine ibaki.

Gharama: boksi 7,000, thamostati 15,000, adapta ya volti 12 10,000, feni 3,000, balbu na holda 6,000, kipimajoto chenye kipima unyevu 12,000, wavu na vikorokoro 5,000. Jumla 58,000.

17 Septemba: mayai ndani

Mayai 60 kutoka Dar kwa basi, shilingi 500 kila moja, na 5,000 ya usafiri. Manne yalifika na nyufa. Yaliyobaki 56 niliyapumzisha siku nzima ncha ikiwa chini, kwa sababu mfuko wa hewa ukitikiswa safarini unahitaji muda wa kutulia. Saa mbili usiku nikayaingiza. Joto nyuzi 37.5, unyevu asilimia 50. Nayageuza mara tatu kwa siku, X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, na naacha kugeuza siku ya 14. Kware hutotolewa siku ya 17 au 18, kwa hiyo nategemea tarehe 4 au 5.

8 Oktoba: vifaranga tisa

Tarehe 4 kimya. Tarehe 5 kimya. Usiku wa tarehe 6 ganda la kwanza likadonolewa, na wa mwisho alitoka leo asubuhi, siku ya 21. Tisa kati ya 56.

Nilikaa uani na beseni nikapasua mayai 47 yaliyobaki. Harufu ilimfukuza kila mtu, lakini hiyo ndiyo saa iliyonifundisha kuliko zote. Mayai 13 hayakuwa na mbegu. Saba yalikuwa na duara la damu tu, yaani yalikufa mapema. Mengine 27 yalikuwa na vifaranga kamili wenye manyoya, wamelowa chapachapa, wengine na kiini ambacho hakijamezwa tumboni.

Vifaranga waliochelewa siku tatu maana yake joto lilikuwa chini. Vifaranga waliolowa ndani ya yai maana yake unyevu ulikuwa juu. Lakini kioo cha vipimo vyangu siku zote kilisema 37.5 na 50. Kwa hiyo kioo kilikuwa kinanidanganya.

Ukichukua 93,000 nilizotumia mpaka hapa ukagawa kwa tisa, kila kifaranga amenigharimu shilingi 10,333. Mama alifanya hesabu hiyo kabla yangu.

11 Oktoba: kutafuta uongo ulipo

Ulikuwa sehemu tatu, nami nazieleza kwa urefu kwa sababu sidhani niko peke yangu.

Kwanza, thamostati. W1209 ina kipengele cha P1, ambacho ni tofauti ya joto inayoruhusiwa kabla taa haijawaka tena. Kikitoka dukani kimewekwa 2.0. Maana yake taa inazima 37.5 na haiwaki mpaka joto lishuke 35.5. Mayai yangu yalikuwa yanapanda na kushuka kutwa kucha, na mimi kila nilipochungulia taa ikiwa ndiyo kwanza imezima naona 37.5, naondoka nimeridhika. Nimeshusha P1 hadi 0.2.

Pili, mahali pa waya wa kupimia. Niliuning'iniza karibu na kifuniko, na feni ikawa inausukumia hewa ya balbu moja kwa moja. Nilichukua kipimajoto cha homa cha nyumbani, kile cha kidijitali, ambacho kimetengenezwa kupima vizuri hasa kwenye nyuzi hizi za 35 hadi 42. Nikakilaza juu ya trei: katikati 36.6, pembeni 36.2. Thamostati wakati huohuo inasoma 37.5 na kujisifu. Sasa waya uko usawa wa mgongo wa mayai, feni inapiga ukuta kwanza, na trei nzima iko kati ya 37.4 na 37.7. Kipimajoto cha homa kimehamia kwenye mashine, na mtoto akiumwa tunaazima kwa jirani.

Tatu, kipima unyevu. Dawa yake ni chumvi. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, kisha ifungie na kipima unyevu ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa nane au zaidi. Hewa ya ndani ya mfuko hukaa asilimia 75, siku zote. Changu kilisoma 63. Niliposema 50 ilikuwa 62, na zile siku za mwisho nilipokuwa nafukuzia 70 nilikuwa nimepita 80. Niliwazamisha wale 27 kwa mkono wangu mwenyewe. Nimebandika karatasi mlangoni mwa boksi: ONGEZA 12.

14 Oktoba: bruda, makosa ya haraka

Bruda ni mahali pa joto pa kulelea vifaranga. Tisa wamekuwa sita. Wawili walizama usiku wa kwanza ndani ya kifuniko cha ndoo nilichowawekea maji. Kifaranga wa kware ana gramu saba au nane, na maji ya kina cha kidole kwake ni Rufiji. Sasa chombo cha maji kimejaa kokoto, wanakunywa katikati ya mawe. Mmoja alikufa kwa udhaifu.

Mwingine miguu ilifunguka kama mtu anayeteleza kwenye tope. Kosa ni gazeti: linateleza. Nilimfunga miguu yote miwili kwa kipande cha plasta kilichoacha nafasi ya sentimita mbili hivi, siku tatu, na leo anakimbia. Gazeti limetolewa, limewekwa gunia la katani. Maranda yatakuja wiki ya pili, wakishajua chakula ni kipi, la sivyo wanameza maranda.

Joto la bruda ni 36 wiki hii, nitapunguza nyuzi tatu kila wiki. Kuliko kipimajoto, waangalie wenyewe: wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia kuta wanaungua.

18 Oktoba: toleo la pili

Mayai 60 kutoka kwa mfugaji mwingine, nimeyafuata mwenyewe. 30,000 na nauli 4,000. Yote mazima.

Kumi nimempa bibi jirani ayaweke chini ya kuku wake wa kienyeji aliyekuwa anaatamia. "Mjukuu wangu, mashine yako inakula umeme, kuku wangu anakula pumba," alisema, na kwa mgao wa umeme huu sikuwa na jibu. Hamsini yameingia kwenye mashine.

27 Oktoba: mgao

Siku ya nane nilipima kwa tochi. Kwa kware ni kazi, madoa ya ganda yanaficha kila kitu, lakini gizani kabisa na tochi kali unaona yai lililojaa na lililo tupu. Nane tupu, nimeyatoa. Yamebaki 42.

Leo umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni, ukarudi saa tano usiku. Nilijaza madumu mawili ya lita tano kwa maji ya moto unayoweza kugusa kwa shida, nikayasimamisha ndani ya boksi pembeni ya trei bila kugusa mayai, nikafunika yote kwa blanketi. Joto la chini kabisa lilikuwa 34.8. Mayai hayafi kwa kupoa kidogo katikati ya safari, kuku mwenyewe huinuka kwenda kula. Kinachoua haraka ni kuzidi, kwa hiyo madumu ya moto yapime kwanza, usitupie yaliyochemka. Nimenunua betri iliyotumika ya volti 12 kwa 20,000 ili thamostati na feni viendelee, joto litoke kwenye madumu.

6 Novemba: 27, na kosa la huruma

Tarehe 3 usiku, siku ya 16, maganda yalianza kupasuka. Tarehe 4 mchana walikuwa 19 nje. Siku 17 kamili! Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa nyumba ya pili akaja.

Kisha nikaharibu. Mmoja alikuwa ametoboa tundu na kulia muda mrefu, nikafungua kifuniko nimsaidie. Nikamtoa. Nikaona mwingine. Nikafungua mara nne kwa saa mbili. Kila ukifungua, unyevu unatoka wote kwa pamoja, ile ngozi nyeupe ya ndani inakauka na kumbana kifaranga kama nailoni. Sita waliokuwa wameshatoboa walikufa hivyo, na yule niliyemsaidia pia hakufika jioni, nimemhesabu humohumo kwenye sita. Wengine tisa hawakutoboa kabisa.

Kati ya 42, wametoka 27. Tangu sasa mashine ikifungwa siku ya 14 haifunguliwi mpaka siku ya 18. Vifaranga waliotoka wanaishi kwa kiini walichomeza, siku moja ndani haiwaui. Kanuni hii nimempa mama aisimamie, maana mimi sijiamini.

Kwa bibi: mayai manne yalivunjwa, mguu wa kuku na ganda la kware haviendani. Matano yalitotolewa, wawili wakakanyagwa siku ya kwanza. Watatu nimewaleta bruda. Ninao 30.

16 Novemba: dagaa

Vifaranga wa kware wanataka protini nyingi, asilimia 24 na zaidi, na stata ya kuku (chakula cha vifaranga) ninayopata hapa ni 20. Tena chenga zake ni kubwa kuliko midomo yao. Nikaamua kuongeza dagaa. Dagaa niliosaga walikuwa wa chumvi, wa kukaangia ugali. Siku mbili baadaye kinyesi ni maji, wanakunywa bila kikomo, wawili wamekufa.

Mchanganyiko wa sasa, ambao umekaa: stata kilo 8, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 1.2, dagaa wasio na chumvi kilo 0.8. Inakuja kama asilimia 25. Soya mbichi usiwape, haimeng'enywi vizuri mpaka ipite motoni. Vyote vinapita kwenye chekecheke la unga kwa wiki mbili za kwanza.

Gharama ya chakula tangu Oktoba: 41,000.

28 Novemba: yai

Yai la kwanza lilipatikana tarehe 22, kutoka kwa mmoja wa wale sita wa mwanzo, akiwa na siku 46. Gramu nane kwenye mizani ya kupimia dhahabu ya rafiki. Sasa yanakuja ya gramu kumi na moja.

Katika sita, majike ni wawili na madume wanne. Uwiano huo ni balaa. Majike wamenyonyolewa kisogo mpaka ngozi. Nimewatenga. Unataka jike watatu au wanne kwa dume mmoja.

Toleo la pili wana wiki tatu na jinsia imeanza kuonekana: kifua cha dume ni rangi ya kutu isiyo na doa, cha jike kimefifia na kina madoa meusi. Hesabu ya leo 28.

6 Desemba: siafu

Mvua hizi za El Niño zimeamsha siafu. Saa nane usiku nilisikia kishindo bandani, nikadhani paka. Nilipowasha tochi ukuta ulikuwa unatembea. Walipanda kwa mguu mmoja tu wa kizimba, wa kona, uliogusa majani. Niliwatoa kware mmoja mmoja na kuwapangusa, mimi mwenyewe nikiwa peku. Saba wamekufa, wote wa kizimba cha chini.

Sasa kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye maji na oili chafu juu yake, majani yamefyekwa mita mbili kuzunguka, na hakuna kamba wala tawi linalogusa kizimba. Oili 0, imetoka gereji. Ningeweza kuifanya Oktoba.

Wamebaki 21: majike 12, madume tisa.

10 Januari 2024: urefu wa dari na taa ya jioni

Kware akishtuka haruki mbele, anapaa wima kama risasi. Kizimba changu kilikuwa na urefu wa sentimita 60, nafasi ya kutosha kupata mwendo na kupasua kichwa kwenye waya. Jike mmoja wa toleo la kwanza amekufa hivyo. Nimeshusha dari hadi 25 na kuvuta gunia chini yake. Anaruka, anagonga kitambaa, anatulia.

Madume wote tisa wa toleo la pili wameliwa, kwa awamu, kwenye pilau. Mama, aliyeapa hataonja, aliulizia awamu ya tatu. Madume wanne wa toleo la kwanza wanakaa na majike 12 wa toleo la pili, kwa kuwa walitoka kwa wafugaji tofauti. Yule jike wa toleo la kwanza aliyebaki anakaa peke yake na mayai yake tunakula. Sitaki aolewe na kaka zake.

Utagaji ulikuwa mayai matano au sita kwa siku. Kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, kware anataka 14. Nimeweka balbu ndogo kuanzia magharibi hadi saa tatu usiku. Baada ya siku kumi na mbili ni nane, siku nyingine tisa.

23 Januari: toleo la tatu, mayai ya nyumbani

Kukusanya mayai 48 kumechukua siku sita. Chumba kina nyuzi 31 mchana, yai linaanza kukua nusunusu kisha linakufa, na friji ni baridi kupita kiasi. Nimeyahifadhi kwenye trei iliyoinuliwa ndani ya mtungi wa udongo uliosimama kwenye beseni la maji, gizani, nyuzi 22. Sio bora, lakini kwa siku sita inatosha. Zisizidi siku saba.

11 Februari: 36

Tupu sita, duara la damu mawili, yakabaki 40. Wa kwanza alidonoa tarehe 8 jioni, na hadi tarehe 10 wametoka 36. Wanne hawakutoka. Mama alikaa na kiti mbele ya mashine.

14 Aprili: hesabu na damu mpya

Majike ya kwanza ya toleo hili yalianza kutaga mwisho wa Machi. Tangu Februari nimeuza mayai 140 kwa 250, shilingi 35,000, na vifaranga 12 wa wiki mbili kwa 2,000, shilingi 24,000. Chakula cha wakubwa, gramu 25 kwa kichwa kwa siku, kinakula zaidi ya nusu ya hizo. Nusu ya wateja bado wanauliza kama yanatibu presha. Nawaambia yanaenda vizuri na chumvi na pilipili, wengine wanaondoka.

Sitatotolesha toleo la nne kwa ndege nilionao, wote sasa ni ndugu. Kware wakizaliana ndugu kwa ndugu mayai matupu huongezeka haraka na vifaranga hudhoofu. Nimebadilishana madume watatu na mfugaji wa Dodoma, wangu wakaenda, wake wakaja jana kwa basi ndani ya kapu la nyanya lililofunikwa kanga. Nauli 6,000. Wako peke yao chumba cha stoo, siku 14, vyombo vyao na maji yao. Mmoja ameanza kuita saa kumi alfajiri, na wale wa bandani wanamjibu.